UZI: Kumpiga Bach kwa sinthesaiza ukiwa nyumbani. Rekodi sauti moja moja, achana na faili la MIDI la mtu mwingine

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu.

Uzi huu ni wa wale wanaopenda muziki wa klasiki wa kina Bach na Debussy, wana kompyuta na kinanda kidogo nyumbani, na wanataka kuupiga muziki huo kwa sauti za sinthesaiza (chombo au programu inayotengeneza sauti kwa umeme). Mimi si mwanamuziki wa kulipwa. Mchana nafunga mahesabu ya watu, Jumapili napigia kwaya yetu kinanda, na usiku nikipata nafasi navaa hedifoni nakaa na Bach. Ninayo hoja moja ya kuitetea, na mwenye hoja tofauti aje nayo tujadili.

Hoja yenyewe ni hii: usichukue faili la MIDI (orodha ya nota ambayo kompyuta inaipiga yenyewe) lililopigwa na mtu mwingine ukalivalisha sauti ya nyuzi iliyokuja na programu, kisha ukapandisha YouTube. Rekodi mwenyewe kwa vidole vyako, sauti moja (yaani mstari mmoja wa wimbo) hadi mwisho, ndipo uanze ya pili. Hata kama unapiga polepole, hata kama utarudia mstari mmoja usiku mzima.

Njia hii ilizaliwa na mashine yenyewe. Mwaka 1968 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa sahani iitwayo Switched-On Bach. Aliyeipiga ni Wendy Carlos, akishirikiana na prodyuza Rachel Elkind na mwanamuziki Benjamin Folkman. Chombo kilikuwa Moog, sinthesaiza ya makabati yaliyojaa vitufe na nyaya, kazi ya injinia Robert Moog aliyekuwa na karakana yake Trumansburg, jimbo la New York. Chombo kile kilitoa nota moja tu kwa wakati. Ukibonyeza funguo tatu upate kodi (nota kadhaa zinazolia pamoja), unasikia sauti moja. Tena hakikukaa kwenye tuni: joto likibadilika kidogo tu, nota zinahama. Basi Carlos alirekodi mstari mmoja, vipande vya sekunde chache, anasimama, anakagua tuni, anaendelea. Mstari ukikamilika anarudi mwanzo wa utepe na kurekodi wa pili juu yake, kwenye mashine ya treki nane. Hata kodi aliijenga nota moja baada ya nyingine.

Sahani ile iliingia kumi bora kwenye chati kuu ya Billboard, ikakaa juu ya chati ya klasiki kwa muda mrefu, na mwaka 1970 ikachukua Grammy tatu. Mpiga piano Glenn Gould, ambaye Bach ndiye aliyempa jina duniani, aliiunga mkono waziwazi.

Wengi huisimulia habari hii kama habari ya teknolojia. Mimi kila nikiifikiria naona mazoezi ya kwaya. Mwalimu wa kwaya anayejua kazi yake hafundishi wimbo mpya kwa sauti nne kwa pamoja. Anakaa na besi mpaka besi waushike, anahamia tenori, kisha alto, kisha soprano, na siku wanapounganishwa kila mtu anajua anakokwenda. Moog ilimlazimisha Carlos kufanya hivyo hivyo, na muziki wa Bach umeundwa kwa namna hiyo. Kwake hakuna mmoja anayeimba na wengine wanaomsindikiza tu. Besi ana wimbo wake kamili, ukiutoa peke yake bado unasimama.

Faili la MIDI la kupakua linakunyima haya yote. Nota zote ziko mahali pake, lakini hujui kwa nini ziko hapo, na msikilizaji anasikia kwamba hujui.

Sasa niseme pa kuanzia. Anza na invensheni za sauti mbili, vipande vifupi vya Bach vya kinanda. Ziko 15, nyingi hazizidi kurasa mbili. Mwaka 1723 Bach alipoandika ukurasa wa mbele wa kitabu chake alieleza wazi kwamba ni mwongozo kwa wapenzi wa kinanda, hasa wale wenye hamu ya kujifunza, wapate kupiga sauti mbili kwa usafi, baadaye tatu, na zaidi ya yote wapate namna ya kupiga inayoimba. Ukiusoma ukurasa ule unaona kwamba alituandikia sisi, watu wa kawaida wenye kinanda nyumbani. Carlos naye aliweka tatu kwenye sahani ile: ya F meja, ya B flati meja na ya D maina. Mimi nashauri ile ya F, namba 8.

Nitarudi na hatua zenyewe. Karibuni.

#2

Naweka kambi hapa mkuu. Tiririka, tuko pamoja.

#3

Mleta uzi, heshima yako. Ila mimi napinga mwanzo mwisho. Muziki wa klasiki una vyombo vyake. Bach ni wa piano na kinanda kikubwa cha kanisani, fidla ni fidla. Ukimweka kwenye mashine za disko unamvunjia heshima. Kwa nini usijifunze piano vizuri ukampiga inavyotakiwa?

#4 Mleta uzi

Mkuu wa #3, asante kwa kusema wazi. Nitakujibu kwa kirefu maana swali lako ndilo hasa linalowarudisha nyuma watu wengi.

Umesema Bach ni wa piano. Invensheni ziliandikwa kwa vinanda vya wakati ule, hapsikodi na klavikodi. Piano ilikuwa imeshabuniwa Italia na Cristofori karibu mwaka 1700, lakini ilikuwa bado changa na adimu. Bach alikuja kujaribu piano za fundi Silbermann akazikosoa, na ni baadaye sana alipozikubali zilizoboreshwa. Hivyo kila anayempiga Bach kwenye piano ya leo tayari amemhamisha chombo. Hatulalamiki kwa sababu tumezoea.

La pili lina uzito zaidi. Wimbo unaofungua Switched-On Bach ni sinfonia, yaani utangulizi wa vyombo, ya kantata namba 29 ya Bach. Bach aliitoa wapi sinfonia ile? Aliitoa kwenye kazi yake mwenyewe ya fidla moja isiyosindikizwa, utangulizi wa Partita namba 3 ya E meja. Kufikia mwaka 1731 alikuwa ameichukua, akaihamishia kwenye ufunguo wa D, mistari ya fidla akampa mpiga kinanda cha kanisani, kisha akaongeza tarumbeta, ngoma na nyuzi. Fikiria hapo: wimbo wa mtu mmoja na fidla yake umekuwa shangwe ya kanisa zima. Kabla ya hapo, akiwa kijana Weimar, alichukua konseto za Vivaldi za fidla akazihamishia kwenye kinanda. Mtu huyu hakuuona muziki wake kama kitu kilichofungwa kwenye chombo kimoja. Carlos alipoihamishia sinfonia ile kwenye Moog alikuwa anaendeleza safari aliyoianza Bach mwenyewe.

Nakuunga mkono kwenye jambo moja: piano ujifunze, kwa kila hali. Vidole haviwezi kukwepwa. Ila mtu wa Tabora au Kakamega asiye na piano karibu asiambiwe asubiri mpaka aipate.

#5

Mkuu umeeleza vizuri. Mimi nina laptop ya kawaida na kinanda cha kanisani cha Yamaha. Naanzaje? Maana nikitazama bei za hizo Moog nakata tamaa.

#6 Mleta uzi

Usikate tamaa mkuu, karibu kila kitu unacho.

Geuza kinanda chako uangalie nyuma. Vingi vya Yamaha vya miaka hii vina tundu la USB la kuunganisha kompyuta. Ukiunganisha, kinanda kinatuma nota kwenye kompyuta, na sauti inatoka kwenye programu. Angalia pia kama kinahisi nguvu ya kidole. Vile vya bei ya chini kabisa havihisi, lakini kwa Bach hilo halikuzuii. Hapsikodi nayo haikuhisi: ukiigonga kwa nguvu au taratibu, sauti ni ile ile, na bado watu waliipiga kwa namna ya kuimba. Walitumia urefu wa nota, jambo nitakalolieleza chini.

Programu za sinthesaiza za bure zipo na ni nzuri kweli. Ninayoitumia zaidi ni Surge XT. Nyingine ni Vital, ina toleo la bure. Dexed inaiga Yamaha DX7 ya mwaka 1983, ile yenye sauti za kengele na piano ya umeme zilizojaa kwenye nyimbo za miaka ile. Ukitaka kuchomeka nyaya kama Carlos, kwa kioo cha kompyuta, kuna VCV Rack. Ya kurekodia, LMMS ni bure, Reaper inakupa siku 60 za kuijaribu na baada ya hapo leseni yake kwa mtu binafsi si ghali.

Tatizo litakalokukera ni sauti kuchelewa: unabonyeza, halafu inasikika baadaye. Ukiwa Windows bila kadi ya sauti ya nje, weka ASIO4ALL, kisha punguza bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kukitoa. Kwenye sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1,024 inakuchelewesha milisekunde kama 23, na hapo vidole vinachanganyikiwa. Ya 256 ni kama milisekunde 6, unapiga bila kuisikia. Laptop ikianza kukwaruza sauti, panda kidogo.

Nota zenyewe zipo IMSLP, maktaba ya nota mtandaoni, zimepigwa picha kutoka matoleo ya zamani, huru kupakua.

#7

Mimi ni mwalimu wa kwaya, nimefurahi kuona mfano wa mazoezi. Swali langu: wengi wetu tunasoma solfa, hizi nota za mistari hatuzisomi. Tumeachwa?

#8 Mleta uzi

Mwalimu, shikamoo. Hamjaachwa hata kidogo, na kwa hili mnatangulia wengine. Solfa inamfanya mtu asikie nota ina kazi gani ndani ya ufunguo, na hilo ndilo linalohitajika hapa.

Nitatumia invensheni namba 8 kwa solfa, do ikiwa F. Inaanza hivi:

d m d s d d'

kisha inashuka mbio, nota ndogondogo, kutoka d' kuja chini. Muda mfupi baadaye mkono wa kushoto unaingia na wimbo ule ule, oktavu moja chini, unamfukuza wa kulia. Vipande vya namna hii hata watoto wa kwaya wanavijua kwa kuimba kwa zamu.

Sasa tazama ule mstari kwa makini, maana hapa ndipo utamu ulipo. Do inarudi rudi: d, halafu m, d tena, halafu s, d tena, halafu d' ya juu. Zile do za katikati ni kama mtu anayesimama palepale, na kinachopanda ni m, s, d'. Ukizipiga nota zote kwa uzito mmoja, kama faili la MIDI linavyofanya, kupanda kule hakusikiki. Unasikia kelele ya kwenda na kurudi. Fanya do za katikati ziwe fupi, za kugusa tu, na m, s, d' zikae kidogo zaidi. Mara moja wimbo unasimama wima.

Halafu ule mteremko wa mbio: hapo nota zishikane. Hivyo unapata aina mbili za kupiga ndani ya mstari mmoja, za kuruka zimeachana, za kushuka zimeungana. Mkono wa kushoto ukiingia, ufanye vivyo hivyo hasa, maana msikilizaji anautambua wimbo kwa namna ulivyotamkwa mara ya kwanza.

Haya yote yanafanyika kabla hujagusa kitufe chochote cha sinthesaiza. Ndiyo maana nasisitiza vidole.

Kuhusu kutengeneza sauti, nieleze ninavyofanya mimi. Sauti ya juu naitengeneza kwa wimbi la mraba, moja ya sauti ghafi za sinthesaiza, lina uwazi kama wa filimbi yenye mwili. Ya chini kwa wimbi la msumeno, lina nguvu na ukwaruzo, kisha nalifungia filta (chujio la sauti) likawa na joto. Zote mbili naziweka zitoe nota moja tu kwa wakati, kama Moog ya zamani, ili nikikosea kushika nota mbili nisikie palepale. Filta naifanya ifunguke haraka nota inapoanza kisha ijifunge, hapo kila nota inapata konsonanti mbele yake kama silabi inayotamkwa. Nota ikiachiwa, izime upesi. Hili la mwisho ni la muhimu kuliko yote: sauti nyingi zilizokuja tayari na programu zina mkia mrefu baada ya kuachia kidole, na mkia huo unaifuta kazi yote ya kutenganisha nota. Ukichukua sauti ya tayari, kitu cha kwanza kata mkia.

Usiweke mwangwi mpaka sauti zote mbili zimekamilika. Rekodi zikiwa kavu, uzisikie zilivyo.

#9

Hapa nimejifunza kitu. Nilikuwa nadhani sinthesaiza ni kubonyeza tu.

#10

Mkuu mimi moyo wangu uko kwa Debussy, hasa Clair de Lune. Nimejaribu kwenye Vital, kila nikiweka kodi inakuwa matope. Na ile njia yako ya sauti moja moja naona haifanyi kazi kwake. Nifanyeje?

#11 Mleta uzi

Umegusa mtu ninayempenda sana. Na umeona sawasawa, Debussy anataka njia nyingine.

Kwanza sababu ya matope. Kwenye piano nota ikishapigwa inaanza kufa yenyewe. Ukikanyaga pedali, nota za zamani zinafifia huku mpya zinaingia juu yake, na Debussy aliandika akiitegemea hali hiyo. Sinthesaiza nyingi ukishika nota inakaa na nguvu ile ile mpaka uachie. Weka kodi tatu juu ya pedali na zote zinabaki hai kwa nguvu sawa. Dawa: usiache nota ikae. Iwekee mshuko mrefu, ianze na nguvu, ishuke taratibu kuelekea sifuri hata kidole kikiwa bado kimeshika. Halafu gawa kodi kwenye treki tofauti, wimbo wa juu ufe polepole, nota za kati zife mapema, besi akae muda mrefu kidogo lakini filta yake iwe imefungwa. Utaona maji yanaanza kuwa safi.

Aliyeonyesha njia hapa ni Isao Tomita wa Japani, aliyezaliwa 1932 na kufariki 2016. Alikuwa mtunzi wa muziki wa televisheni. Baada ya kusikia Switched-On Bach aliagiza Moog yake mwenyewe kutoka Marekani, na ilipofika, forodha ya Japani ikaizuia kwa sababu maofisa hawakuamini kwamba kabati lile la nyaya ni ala ya muziki. Ilipotoka aliiweka nyumbani akaanza kutafuta sauti. Mwaka 1974 ilitoka sahani yake Snowflakes Are Dancing, yote Debussy, na nyingi kati ya kazi zile asili yake ni za piano tu: Clair de Lune unayoipenda, Arabesque ya kwanza, ile ya kanisa lililozama baharini. Sahani ile ilipendekezwa kwa Grammy.

Msikilize anavyofanya. Mstari mmoja wa wimbo hauachi kwenye sauti moja. Unaanza kama mtu anapiga mluzi, unapokelewa na kitu kinachofanana na kwaya inayoimba bila maneno, unamalizikia kwenye kengele. Carlos anatenganisha sauti ili uisikie kila moja. Tomita anazibadilisha rangi ili usijue moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Nikisikiliza kanisa lake lililozama huwa nashindwa kuendelea na jambo jingine mpaka liishe.

Ushauri wangu kwako, usianze na Clair de Lune. Anza na kile kipande kifupi cha msichana mwenye nywele za kitani, kutoka kitabu cha kwanza cha Preludi. Kinafungua na wimbo mtupu bila kodi yoyote chini yake. Fanyia kazi rangi ya mstari ule mmoja kwanza, uubadilishe sauti hata mara mbili ndani ya sentensi moja ya muziki. Ukiweza hapo, kodi zitakuja.

Na hata kwa Debussy, vidole ni vyako. Hilo sibadilishi.

#12

Wakuu, suala la haki miliki limekaaje? Mwaka jana nilipandisha Bach wangu mwenyewe, nikaletewa dai kwamba muziki si wangu. Nilivunjika moyo nikafuta.

#13 Mleta uzi

Pole sana mkuu, na usingefuta. Bach alifariki 1750, Debussy 1918. Muziki wao ni wa watu wote. Kinachomilikiwa ni rekodi ya mtu fulani, au toleo jipya la nota lililohaririwa, au faili la MIDI lililotengenezwa na mtu. Ile mitambo inayokagua muziki mtandaoni inalinganisha sauti, na kwa kuwa nota ni zile zile inaweza kudhani rekodi yako ni ya kampuni fulani. Unapinga dai, unaeleza kwamba utunzi hauna mwenyewe na upigaji ni wako. Hifadhi mradi wako wenye treki zote, ndio ushahidi wako. Hapa napo anayerekodi mwenyewe yuko salama kuliko aliyepakua.

Kuwa makini na watunzi wa karibuni. Stravinsky, kwa mfano, alifariki 1971, na kazi zake nyingi bado zina wenyewe katika nchi nyingi.

#14

Salaam kutoka Unguja. Mie napiga taarab, ganuni na mara nyingine kinanda. Nina hoja kidogo. Kinanda kinatuonea kwenye maqamu, ngazi za nota za muziki wa Kiarabu. Rast ina nota ya tatu ambayo si ya juu si ya chini, haipo kwenye funguo. Ganuni ina vijiti vya kurekebisha, kinanda hakina. Je hizo programu zenu zinajua hilo? Na Bach naye alikuwa na tuni hii hii ya leo?

#15 Mleta uzi

Mkuu wa Unguja, hili ni swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu.

Programu zinajua. Surge XT inakubali kubadilishiwa tuni yote: unapakia faili dogo lenye orodha ya nota na umbali wake, na kinanda kizima kinahama. Ukitaka nota ya tatu ya Rast ikae pale masikio yako yanapotaka, unaiandika mwenyewe kwa senti, semitoni moja ikiwa senti 100. Kwa kuwa kila mpigaji anaiweka tofauti kidogo, chukua ganuni yako, ipime, uiandike kama ulivyoikuta. Vinanda vya maduka navyo vingine vina kitufe cha kubadilisha tuni ya nota moja moja, wapiga taarab wengi wanakijua.

Na kuhusu Bach: kwenye zama zake vinanda vilitiwa tuni kwa namna kadhaa, na nyingi hazikuwa hii ya leo ya kugawa oktavu vipande 12 sawa. Mtaalamu wa tuni Werckmeister alikuwa ameandika namna zake mwaka 1691. Funguo zilikuwa na ladha tofauti: C tulivu na safi, na kadiri ulivyosogea kwenye shapu na flati nyingi mvutano uliongezeka. Carlos mwenyewe alipolirudia zoezi lake mwaka 1992, kwenye Switched-On Bach 2000, aliachana na tuni ya leo akatumia za kale. Weka Werckmeister kwenye Surge, piga invensheni ya F, halafu piga ile namba 9 ya F maina. Utasikia kwamba ziko kwenye vyumba viwili tofauti kabisa. Kwa piano ya ukumbini jambo hili linahitaji fundi aje aitie tuni upya. Kwako ni faili moja.

Ningependa sana kusikia mtu wa ganuni akimpiga Bach. Invensheni ya D maina ingekaa vizuri kwenye nyuzi zile. Tafadhali lifikirie.

#16

Mkuu, ni mimi wa #5. Nimefuata maelekezo, nimemaliza invensheni namba 8. Nimeweka kiungo kwenye wasifu wangu. Naomba unikosoe bila huruma.

#17 Mleta uzi

Nimesikiliza mara kadhaa kwa hedifoni na kwa spika. Hongera, na nasema kwa dhati. Mkono wa kulia unaimba. Zile do fupi za mwanzo umezipata kabisa, na mara ya pili wimbo unaporudi kwenye ufunguo wa C hukusahau kuzitamka vile vile.

Sasa ya kurekebisha. Mkono wa kushoto unaburuta unapoanza mteremko wa mbio. Nadhani ulimrekodi huku unamsikiliza wa kulia, ukawa unamsubiri. Mrekodi tena besi akiwa peke yake na mdundo tu, kama wimbo wake mwenyewe, kisha waunganishe. Usiutumie mtambo wa kunyoosha nota kwenye gridi, utaua na ule uhai wa mkono wa kulia.

Mwangwi punguza nusu. Na sauti ya besi iko wazi mno juu, inagombana na ya juu pale mikono inapokaribiana katikati ya kipande. Funga filta kidogo, sogeza besi upande wa kushoto wa spika na soprano kulia, si sana.

Nota ya mwisho umeishika ndefu kuliko ilivyoandikwa na umeiongezea uzito. Mimi ningeiacha fupi, kipande kile hakina sherehe mwishoni.

#18

Nimekuelewa mkuu, nairudia besi. Baada ya hapo nichukue kipi? Nataka kupanda kidogo.

#19 Mleta uzi

Ukimaliza besi, usikimbilie konseto za Brandenburg za Bach. Chukua korali moja, yaani wimbo wa kanisa, ya sauti nne. Kama wewe ni wa KKKT, kanisa la Kilutheri Tanzania, fungua kitabu cha nyimbo Mwimbieni Bwana, humo mna nyimbo za Kijerumani za zamani, na nyingine Bach mwenyewe alizipangia sauti. Tafuta ambayo kwaya yenu tayari inaijua. Rekodi besi kwanza, kisha soprano, halafu tenori, alto mwisho, maana alto ndiye anayebebwa na wengine wote na ukianza naye atakupoteza. Kila sauti impe wimbi lake na filta yake. Pumzika kwenye kila alama ya kituo kama kwaya inavyovuta pumzi, treki zote nne mahali pamoja. Ukishapata hizo nne zimekaa, weka kiungo hapa hapa tusikilize.